Mkuu wa Nidhamu Ajifunza Kuuliza

Kwanza nikiri: sikutaka kwenda. Mimi ni mkuu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari hapa Bukavu, na mkuu wa nidhamu hana muda wa kukaa siku tatu kwenye kiti cha plastiki akifundishwa namna ya kuongea na watoto. Kuongea na watoto ndiyo kazi yangu! Nimeongea nao miaka kumi na minne, tena kwa sauti inayofika mpaka barabarani. Lakini mkuu wetu wa shule, prefe, alipopata barua kwamba kila shule itume mtu mmoja kwenye mafunzo ya kuwasaidia vijana walioelemewa moyoni, alitazama huku na huku katika chumba cha walimu. Wote wakainamisha vichwa kwenye madaftari. Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama.

"Maman directrice, wewe njo utaenda," akasema, akiniita kwa cheo changu.

"Juu ya nini mimi, Monsieur le préfet?"

"Juu wewe hauogopaka mutu."

Sifa ikanilevya. Nikaenda.

Mafunzo yalikuwa katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa kama watu ishirini: walimu, katekista mmoja mwenye shingo ndefu, kijana motari anayebeba abiria kwa pikipiki, mama Mwislamu muuza vitenge ambaye babu zake walitoka pwani wakapitia Uvira, na msusi kutoka Kadutu aliyekuja na kitana chake kimechomekwa nyweleni kana kwamba kuna mteja angemkuta humo humo. Mkufunzi wetu alikuwa mwanasaikolojia, mtoto wa hapa hapa mjini, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Umri wake ni sawa na kitinda mimba wangu. Nikajisemea, huyu atanifundisha nini?

Sababu ya kuitwa wote tulikuwa tunaijua. Tangu risasi zilipoingia mjini hakuna shule isiyo na hadithi yake. Kuna watoto hawalali. Kuna waliokuwa waropokaji wakawa mabubu. Na kuna misiba ya vijana ambayo tulikwenda, tukala, tukaambiwa ni malaria, tukaitikia kwamba ni malaria, na kila mmoja akarudi kwake akijua kwamba haikuwa malaria.

"Siku ya leo tunajifunza swali moja tu," mkufunzi akasema. Akageuka, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: UKO NAWAZA KUJIUA?

Mungu wangu! Ukumbi ulikufa ganzi. Katekista akajichora msalaba. Mama wa vitenge akasema "Astaghfirullah" mara tatu. Motari akasimama akidai anakwenda kuangalia pikipiki yake, na pikipiki yake ilikuwa inaonekana kabisa dirishani. Kwetu jambo la namna hiyo halitajwi. Ukilitaja umeliita, na likiitwa litakuja, na likija halitauliza nani aliita. Mimi mwenyewe, nisiyeogopa mtu, niliangalia chini.

Mkufunzi hakushtuka. Akasema swali halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kama wazo lipo, lipo tayari, na mtoto amelibeba peke yake. Kumuuliza waziwazi ni kumwambia kwamba umepatikana mtu mzima anayeweza kulisikia jibu bila kukimbia.

"Bila kukimbia," akarudia, akimwangalia motari aliyekuwa mlangoni.

Motari akarudi kukaa, na kwa adhabu akapewa mimi niwe mwenzake wa zoezi. Tulitakiwa kuulizana, mmoja baada ya mwingine. Nikakohoa, nikanyoosha mgongo, nikamuuliza kwa sauti ninayoijua mimi. Yule kijana akainua mikono yote miwili juu.

"Hapana, maman! Si mimi! Hata sikukuwa pale!"

Ukumbi mzima ulicheka mpaka mama wa vitenge akajifuta machozi kwa mtandio. Na mimi nilicheka, lakini nilikuwa nimechomwa kidogo. Ikafika zamu yake kuniuliza. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti, akaniuliza taratibu. Jibu langu lilikuwa hapana, na lilikuwa hapana ya kweli. Lakini machozi yalinitoka palepale mbele ya watu, kwa sababu tangu nimzike mume wangu wamekuja watu wengi kuniambia nijikaze, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza niko vipi na kusubiri jibu.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nimewaka. Nilimuuliza dada yangu, akataka kunipeleka hospitali. Nilimuuliza jirani, akafunga dirisha. Nikamuuliza mama muuza sombe, majani ya mihogo, pale njiapanda, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Maman," akasema, "kama hautaki sombe, sema tu."

Siku ya pili ndiyo iliyonigeuza kabisa. Mkufunzi alitufundisha kukaa na kijana: mkalishe mbele yako, uso kwa uso, mtazame machoni ili ajue unamsikiliza. Akaandika MACHO ubaoni, akalipigia mstari. Hapo msusi wa Kadutu akaangua kicheko kisicho na adabu hata kidogo.

"Papa formateur, pardon. Mi siko na masomo mingi. Lakini huku kwetu mutoto akiambiwa 'niangalie', anajua kofi iko nakuya."

Kila mtu akanigeukia mimi. Kila mtu! Kana kwamba nimeandikwa usoni.

"Mi nasukaka batoto ya masomo kila samedi, siku ya kupumuzika," msusi akaendelea, sasa amesimama. "Mutoto anakaa chini, kichwa iko hapa kati ya magoti yangu, macho yake iko kule mu njia. Sioni uso yake, haoni uso yangu. Mikono iko nafanya kazi. Pale, papa, banasemaka yote. Yote! Mambo hata padri hayajui."

Katekista akakohoa. Nikamtazama mkufunzi. Nilidhani atakasirika, maana ningekuwa mimi ningekasirika. Badala yake akachukua kitambaa, akalifuta lile neno MACHO, akampa msusi chaki.

"Maman, kuya wewe utufundishe."

Nilipiga makofi! Sikujizuia. Yule mama hakujua ashike chaki namna gani, akaiweka nyweleni kando ya kitana, akafundisha kwa mikono. Akamkalisha motari chini, akaanza kumpapasa kichwa kisicho na nywele za kusuka, akatuonyesha jinsi unavyouliza kitu kizito huku unatafuta njia ya kitana: huinui sauti, husimamishi mikono, jibu likija huvuti nywele. Wengine wakaongeza yao. Motari akasema hata abiria humweleza mambo makubwa akiwa nyuma ya pikipiki, kwa sababu wanaongea na kisogo. Mama wa vitenge akasema kwake ni wakati wa kukunja vitambaa, watu wawili, kila mmoja ameshika ncha. Tangu saa hiyo mafunzo yale hayakuwa ya kuletewa tena. Yalikuwa yetu.

Siku ya tatu, Ijumaa, mkufunzi alizungumzia dalili. Alisema hakuna hata moja inayotosha peke yake, lakini zikikutana usizipuuze. Mtoto anajitenga. Halali, halafu anasinzia darasani. Masomo yanaporomoka ghafla. Haoni ladha ya chakula. Anaanza kugawa vitu anavyovipenda.

Kalamu ikanianguka.

Nilikuwa naye. Msichana wa mwaka wa tano, ambaye tangu mwaka wa kwanza hakuna aliyewahi kumtoa kwenye nafasi ya kwanza. Muhula uliokwisha alikuwa ameporomoka mpaka mkiani. Alisinzia kwenye hesabu, mimi nikamsimamisha nje. Wakati wa mapumziko hakula, mimi nikaita kiburi. Na wiki ile ile nilimkuta mwenzake ana seti yake ya vyombo vya jiometria, ile ya bati aliyokuwa haruhusu mtu hata kuigusa. Nikadhani kaiba. Yule mwenzake akalia akisema, "Amenipatia, maman, amesema yeye haitamusaidia tena." Na mimi, mkuu wa nidhamu, mwenye masikio mawili mazima, nilichoandika kwenye daftari langu ni kwamba wanafunzi wasipeane vifaa bila ruhusa.

"Niko naye!" nikapiga kelele. "Niko na mutoto wangu vile vile!"

Mkufunzi akaniita pembeni. Akanieleza nisichelewe, nimuulize leo leo. Akijibu ndiyo, nisimwache peke yake, nimwambie mzazi, nimpigie yeye simu. Angekuwa kwenye kituo cha afya pamoja na muuguzi mpaka jioni. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshabeba mkoba.

Nilifika shuleni zikiwa zimebaki kama dakika ishirini watoto watoke. Na hapa nilifanya kosa ambalo ni mtu wa kazi yangu tu anaweza kulifanya. Kichwa kilikuwa kimejaa mafunzo mapya, lakini miguu na mikono bado ilikuwa ya zamani. Nikaketi ofisini, nikachukua karatasi ya kuitia watoro na watukutu, nikajaza jina lake, nikapiga muhuri. Muhuri! Nikamtuma msimamizi aende kumtoa darasani.

Akaingia. Akasimama mbele ya meza yangu akiangalia sakafu. Nilikuwa na upendo wote wa dunia moyoni, naapa, lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe, ukasema:

"Niangalie."

Akapiga magoti. Sikumwambia apige magoti. Alipiga tu, kama tulivyowazoesha.

"Pardon, maman directrice."

"Hapana, simama, hukukosa kitu. Nataka kukuuliza. Uko nawaza kujiua?"

"Hapana, maman. Pardon, maman."

Basi. Ningemuuliza jina la mama yake angesema pardon. Kengele ikalia, akaniomba ruhusa ya kwenda kwa sababu wadogo zake walikuwa nyumbani peke yao. Nikamwita msichana jirani yake, nikamwomba waongozane na asimwache mpaka nifike. Halafu nikabaki nikiuangalia ule muhuri mezani, nikauchukia.

Nikampigia motari. Alikuja mbio, akanipandisha mpaka kwa msusi wa Kadutu. Nilimkuta msusi amekaa nje ya chumba chake cha kazi anakunywa chai.

"Ulimuulizia wapi?" akaniuliza baada ya kunisikiliza.

"Mu biro, mbele ya meza yangu."

"Mu biro!" Akaweka kikombe chini. "Maman, mu biro yako hata mi ningesema siko na njaa, na njaa iko. Sasa mutoto iko wapi?"

"Kwao. Iko na jirani."

Hakuniuliza kitu kingine. Akafunga mlango, akachukua kitana cha pili na kopo la mafuta, akapanda nyuma yangu. Wanawake wawili wazito kwenye pikipiki moja, kwenye mteremko wa Kadutu, na motari akituomba kwa jina la Bwana tusiegemee upande mmoja! Watu walisimama kutuangalia. Niliogopa kufa kwa pikipiki, niliogopa kuchelewa, na katikati ya woga wote huo kulikuwa na furaha fulani isiyo na aibu, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu siku za risasi nilikuwa nakimbilia jambo badala ya kulikimbia.

Tulimkuta uani anachambua maharagi, wadogo zake wawili wakicheza karibu, jirani yake ameketi kizingitini. Aliponiona alisimama ghafla, maharagi yakamwagika. Msusi akanitangulia.

"Batoto, karibu tusuke! Leo maman directrice mwenyewe anakuya kusuka."

"Kusuka?" yule msichana akasema. Aliniangalia. Bila kuambiwa, aliniangalia.

Msusi hakutoa nafasi ya maneno. Akajitwalia mdogo mtu, akanisukumia kiti kifupi, akanitupia kitana. Kumbe kusuka najua. Nyanya yangu wa Nyangezi alinifundisha, ila vidole vilikuwa vimesahau. Msichana akaja taratibu, akaketi kwenye mkeka kati ya magoti yangu, akanipa kisogo. Nikaanza. Mstari wa kwanza ukaenda kushoto, ukabadili nia, ukarudi kulia. Msusi akanyoosha shingo.

"Maman directrice! Ile ni nywele ao ni njia ya Walungu?"

Msichana akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilikisikia kwenye magoti yangu kabla ya kukisikia masikioni. Miezi mingapi sikuwa nimemsikia akicheka? Nikaendelea kusuka. Nikaongea kuhusu maharagi, kuhusu nyanya yangu alivyokuwa akinichapa kwa kitana. Msusi akaanza kuimba polepole na wale wadogo, akimwambia yule jirani awe muitikiaji, ili sisi wawili tuwe na pazia la sauti. Na mikono yangu ikiwa bado inatembea, nikainama, nikauliza. Sikuipandisha sauti, wala sikuishusha mno.

"Mwanangu, wakati mwingine mutu akichoka sana anafika mahali anawaza kufa. Wewe uko nawaza kujiua?"

Nikatafuta njia ya mstari unaofuata. Nikagawa nywele mafungu matatu. Nikasuka, nikasuka tena.

"Ndiyo, maman," akasema.

Sikuvuta nywele. Hilo najivunia mpaka leo.

Akaeleza akiwa anaangalia njia. Baba yake alishuka bondeni, Luvungi, kuangalia shamba lao, barabara zikafungwa na vita nyuma yake, na sasa ni miezi simu yake haipatikani. Mama yake anauza unga wa mihogo Walungu, anatoka kabla ya jua na kurudi jioni. Yeye halali. Akifunga macho anasikia milio ya risasi. Usiku mzima anasikiliza kama mlango utagongwa, na kama ni baba au ni wale wengine wenye bunduki. Nikaitikia, "Nakusikia." Nikadhani ndiyo yote.

"Na siku ya proclamation," akasema.

Mikono yangu ikasimama, nikailazimisha iendelee. Kwetu matokeo ya muhula hayasomwi kimyakimya. Wazazi wanakuja, wanafunzi wanapangwa uwanjani, na majina yanasomwa kwa kipaza sauti tangu wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na alama. Kipaza sauti huwa nakishika mimi.

"Ulifika kwa jina yangu, ukasema, 'Na ule wa kwanza wetu wa kila siku, leo ametuonyesha kama hata huku mwisho kuko nafasi.' Batu bote bakacheka." Akameza mate. "Na mama akacheka nao. Pale nikaona, basi, hata yeye. Bora nisikuwe."

Kila mtu aandike tabia yangu anavyotaka, lakini asiandike kwamba najua kunyamaza. Mimi ni mtu wa kujitetea. Maneno yalinipanda mpaka kooni: nilitaka kukuamsha, nilijua una akili, sikujua habari za baba yako. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa ya kunisaidia mimi. Nikajiuma ulimi. Nikawaza jinsi nilivyojisifu kwa utani ule siku ile nikirudi nyumbani.

"Nilikukosea," nikasema. "Mbele ya watu, na sikupaswa. Naomba unisamehe."

Sijui kama mkuu wa nidhamu yeyote wa mji huu amewahi kumwomba mwanafunzi msamaha. Mimi sikuwa nimewahi. Msichana hakusema amenisamehe. Aliegemeza tu kichwa kwenye goti langu, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nikamuuliza kama alishapanga siku. Akasema Jumapili. Akanieleza na namna, ambayo siiandiki hapa. Nilipomwambia nitamweleza mama yake, alishtuka, akanishika mguu.

"Usimwambie, maman. Nakuomba."

"Siri hiyo siwezi kukuahidi. Nitamwambia, na wewe utakuwa hapa hapa, na mkono wangu utakuwa hapa hapa kichwani kwako."

Motari nilikuwa nimeshamtuma kumsubiri mama wa msichana kwenye kituo cha magari ya Walungu. Wakafika pamoja, mama ana vumbi la unga mpaka kwenye nyusi. Kuniona mimi uani kwake, akatupa kikapu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa," msusi akamjibu. "Na hakuna atakufa. Kuya ukae."

Nikamwambia. Niliyataja maneno yote bila kuyazungusha, kama tulivyojifunza. Mama aliruka juu akimkemea shetani, akataka tumpeleke mtoto chumba cha maombi wakati huo huo, wamfungie huko na wamama wafunge kula. Sikumpinga. Nilimwambia tutaomba, tena kwa sauti, lakini tutaomba njiani, na njia yetu inakwenda kituo cha afya, mtaalamu anatungoja. Halafu nikamwambia na sehemu yangu, ya kipaza sauti. Na nikamwambia mtoto alichokiona siku ile, kwamba yeye alicheka.

Yule mama akakaa chini kwenye mkeka. Unga ukamdondoka usoni.

"Nilicheka juu batu bote walikuwa naniangalia," akasema. "Haya ilinishika. Ndani nilikuwa nalia, mutoto wangu. Nilirudi nikalia mu choo ili musinione."

Msichana akageuka. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu, upande wa pili zimesimama wima. Aliutazama uso wa mama yake muda mrefu, halafu akaingia mikononi mwake kama mtoto wa miaka mitatu. Nilitazama kando. Motari naye alikuwa anaangalia pikipiki yake, na safari hii nilimwelewa.

Tuliwafunga kitenge kichwani, mama na binti, wakapanda pikipiki, wadogo wakabaki na jirani. Mimi na msusi tukashuka kwa miguu, nusu tunakimbia, tukiomba kweli kwa sauti, watu wakitupisha. Kituoni mkufunzi na muuguzi walikuwa mlangoni. Walikaa na binti, wakakaa na mama, wakakaa na wote wawili. Kitu alichokuwa amekiweka tayari kiliondolewa nyumbani jioni ile ile. Wakapanga nani atalala naye, siku gani atarudi, nani apigiwe simu mambo yakizidi. Dawa ya siku moja hakuna, mkufunzi alituambia, na aliyedhani imekwisha ajirekebishe. Mama wa vitenge, nilipompigia kumsimulia bila kumtaja mtoto, alisema wazee wake walikuwa na neno: mficha maradhi kilio humuumbua. Halafu akalia kwenye simu, tukalia wote, tukacheka.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwao nikakaa. Nilimaliza ule upande wa pili wa nywele. Tulikula bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, tukacheza karata na wadogo zake, nikashindwa na mtoto wa miaka saba. Kila mara niliangalia saa. Jua likazama, mama akafunga mlango, akatandika godoro lake kando ya la binti yake. Jumapili ikapita.

Jumatatu nilisimama langoni. Kengele ikalia, bendera ikapandishwa, madarasa yakaingia, na yeye hakuwepo. Nikajiambia ni njia. Nikapiga simu kwa mama yake, haikupatikana. Alikuwa ameshashika njia ya Walungu, na huko mtandao unapotea. Nikamwita yule msichana jirani kutoka darasani, akasema alipopita aliona mlango umefungwa. Msimamizi alikuja na kufuli kulifunga lango kama kila siku, nikampokonya ufunguo mkononi. Nilikuwa natafuta namba ya motari, nikaona sare ya shule inapanda kilima mbio, soksi moja imeshuka, mkoba unapiga mgongoni.

Akasimama mbele yangu, anahema. Alijua sheria kuliko mimi. Alianza kupinda magoti, nikamshika kwenye kiwiko kabla hajafika chini.

"Pardon, maman. Nimechelewa. Mama aliniamsha akienda soko, nikasema ndiyo, usingizi ikanibeba tena." Akafikicha macho kama mtu anayejishangaa. "Nililala, maman. Nililala mpaka jua ikaniunguza."

Furaha niliyoisikia sina jina lake. Miaka kumi na minne nimewaadhibu waliochelewa, na sikujua kwamba siku moja aliyechelewa angenifanya nitake kupiga vigelegele langoni mwa shule. Nilifungua lango lote, mbawa zote mbili, kana kwamba anapita na gari. Nikamwambia aende upesi, kipindi cha kwanza kilikuwa cha hesabu na mwalimu alikuwa ameshaanza.